Daraja la Arganda: Picha Zilizokimbizwa Vitani

Mwezi wa Desemba, mwaka 1936, msafara wa malori uliokuwa ukitoka Madrid kwenda Valencia ulisimama mbele ya daraja la chuma linalovuka mto Jarama, karibu na mji wa Arganda. Daraja lile lilikuwa na vyuma vilivyokingamana juu ya barabara mfano wa paa, na makasha mawili yaliyosimamishwa wima malorini yalikuwa marefu kuliko nafasi iliyokuwapo. Ndani ya kasha moja mlikuwamo Las Meninas, picha aliyoichora Diego Velázquez mwaka 1656. Ndani ya la pili mlikuwamo picha ya Carlos wa Tano akiwa juu ya farasi wake wa vita, kazi ya Titian ya mwaka 1548. Kila moja ya picha hizo ina urefu unaozidi mita 3. Makasha yakateremshwa, yakawekwa juu ya magogo ya kuviringishia, na watu wakayavusha kwa mikono yao, pole pole, kama wafanyavyo mafundi wa pwani wanaposhua jahazi. Ng'ambo ya pili yakapakiwa tena, na safari ikaendelea.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi nchini Uhispania, na aghalabu husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Ushujaa ulikuwapo, hilo halina shaka. Lakini ndani yake mna swali jingine lisilo la askari wala la mwanasiasa, bali la seremala: kwa nini makasha yale yalikuwa marefu kiasi kile? Kwa nini picha zile hazikulazwa chali, au zikakunjwa kama jamvi, zikapita chini ya vyuma bila ya taabu?

Picha ya rangi za mafuta ni kitu bapa kwa mtu anayeitazama ukutani. Kwa fundi anayeifungasha si kitu kimoja, bali ni vitu kadhaa vilivyoshikana kwa shida. Chini kabisa pana kitambaa cha kitani kilichowambwa juu ya fremu ya mbao, kama ngozi inavyowambwa juu ya mzinga wa ngoma. Juu ya kitambaa hupakwa gundi, juu ya gundi tabaka nyeupe ya kuandalia, juu yake rangi, na juu ya rangi vanishi. Kila tabaka ina tabia yake. Kitani chenye gundi hulegea kinapopata unyevu na hukaza kinapokauka. Mbao za fremu hutanuka na kunywea. Rangi, ambayo ilipokuwa changa ilikubali kupinda, huwa ngumu kadiri miaka inavyopita, hata ikawa haikubali tena. Ikilazimishwa kufuata kitambaa, hupasuka, kisha huinuka kingo zake, kisha hubanduka.

Ndiyo sababu picha kubwa haisafirishwi chali. Ikilazwa, kitambaa hubonyea katikati kwa uzito wake chenyewe, na kila lori linapoingia shimoni hupigwa juu na chini kama ngoma inayochezwa na mkono usioonekana. Ikisimamishwa wima, uzito wake huteremka ndani ya kitambaa chenyewe bila ya kukibonyeza. Tena husimamishwa kwa namna ambayo uso wake uende sambamba na mwendo wa gari, ili dereva anapokanyaga breki kitambaa kisisukumwe mbele na nyuma. Ama kukunja, hilo halikubaliki kabisa. Kuviringisha kunawezekana kwa baadhi ya picha, kwa sharti kwamba mti wa kuviringishia uwe mnene sana na upande wenye rangi utazame nje. Jambo hilo la pili huwashangaza wengi, kwa kuwa akili ya kawaida husema kitu cha thamani kifichwe ndani. Lakini rangi iliyo ndani ya mviringo hubanwa, ikajikunja na kuvunjika. Iliyo nje huvutwa kidogo tu, na mvuto mdogo huuvumilia. Picha yenye umri wa miaka 280, kama ilivyokuwa Las Meninas mwaka ule, haikuwa ya kujaribiwa kwa mti wala kwa mviringo. Kwa hiyo kasha likawa refu, na daraja likawa fupi.

Las Meninas yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja safari isiyo na kasha. Usiku wa mkesha wa Krismasi mwaka 1734, kasri la wafalme mjini Madrid, lililojulikana kwa jina la Alcázar, lilishika moto. Picha nyingi zilibanduliwa kwenye fremu zake na kutupwa nje kupitia madirishani; zaidi ya 500 ziliteketea. Las Meninas ilinusurika ikiwa na majeraha, na shavu la kushoto la binti mfalme, yule mtoto mwenye gauni pana aliyesimama katikati ya picha, likalazimika kuchorwa upya na mchoraji Juan García de Miranda. Anayelitazama shavu hilo leo anatazama, kwa kiasi fulani, kazi ya mkono mwingine.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uhispania mwezi Julai 1936, majenerali walipoasi dhidi ya serikali ya Jamhuri. Jumba la makumbusho la Prado lilifungwa mwisho wa Agosti, na picha zikashushwa orofa ya chini, mbali na madirisha na mapaa ya vioo. Mkurugenzi aliyeteuliwa na serikali mwezi Septemba alikuwa Pablo Picasso, ambaye alibaki Paris na kuwa mkurugenzi wa jina tu. Mwezi Novemba majeshi ya waasi yakafika ukingoni mwa Madrid, na serikali ikahamia Valencia, katika pwani ya Mediterania. Ikaamua kwamba picha nazo zihame.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao haujaisha hadi leo. Francisco Javier Sánchez Cantón, naibu mkurugenzi wa Prado aliyekuwa akibeba mzigo wote wa jumba lile, hakuridhia. Hoja yake haikuwa dhaifu. Ndani ya jumba mna kuta nene na hewa ambayo picha zimeizoea kwa zaidi ya miaka 100. Nje mna karibu kilomita 350 za barabara, mvua za majira ya baridi, ndege za maadui, na mafundi waliopewa siku chache kufanya kazi ya miezi. Bomu huenda likaanguka na huenda lisianguke, ilhali mtikisiko wa lori ni jambo la hakika. Upande wa pili ulijibu kwa matukio. Tarehe 16 Novemba mabomu ya moto yaliangukia jumba la Prado, na siku iliyofuata kasri la Liria, nyumba ya watawala wa Alba iliyojaa vitu vya sanaa, ikateketea. Prado haikuungua, na picha zilizokuwa zimeshushwa chini zilisalimika. Kila upande uliona katika usiku ule ushahidi wa hoja yake: mmoja ukasema mabomu yamefika, mwingine ukasema yamefika na jumba limeyastahimili.

Miongoni mwa waliokabidhiwa kazi ya kuzitoa picha za mwanzo alikuwa mwandishi María Teresa León, mke wa mshairi Rafael Alberti. Wote wawili waliiandika habari hiyo baadaye wakiwa uhamishoni: León katika kitabu alichokitoa mwaka 1944, La historia tiene la palabra, na Alberti katika tamthilia ya mwaka 1956 inayohusu usiku mmoja wa vita ndani ya Prado. Ni bahati ya historia kwamba kazi ya misumari na kamba iliwapata washuhuda wenye kalamu. Hata hivyo, mapenzi ya waandishi hayakuwa badala ya ufundi. Mizigo ya mwanzo ilifungashwa kwa haraka, na wahifadhi wa Prado walilalamika kwa maandishi juu ya namna picha zilivyoondoka. Malalamiko yale yalizaa matunda: mkarabati wa picha, Manuel de Arpe, na mafundi wenziwe walipoingia katika kazi, utaratibu ukabadilika.

Utaratibu huo ulianza kabla ya mbao kukatwa. Kila picha ilikaguliwa, na hali yake ikaandikwa katika hati, ili itakapofunguliwa mwisho wa safari ijulikane ni ufa upi ulitoka nao Madrid na upi uliupata njiani. Hapo ndipo anapotofautiana fundi wa kazi hii na mchukuzi wa kawaida: mchukuzi huhesabu vitu vilivyofika, fundi huhesabu majeraha. Kisha picha ilifunikwa kwa karatasi isiyopitisha maji na kukazwa ndani ya kasha la mbao. Kanuni katika jambo hili ni rahisi kuitamka na ngumu kuitimiza. Kitu chochote kisiguse uso wa rangi. Uzito wote ushikwe na kingo na pembe za fremu, zilizowekewa vitu laini. Na picha isiweze kusogea hata kidogo ndani ya kasha, kwani kasha lenye nafasi ni hatari kuliko kutokuwa na kasha. Malori yalikwenda kwa mwendo wa takriban kilomita 15 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli angaliyapita.

Kasha zuri lina kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kuchukua hewa ya nyumbani. Mbao na karatasi zilizomo ndani hunywa unyevu unapozidi na kuutoa unapopungua, na kwa hivyo picha iliyofungwa vyema husafiri ikiwa bado inavuta hewa ya chumba ilichotoka. Ndiyo maana kasha likifika halifunguliwi papo hapo, hata kama wenyeji wana hamu. Huachwa limefungwa, aghalabu siku nzima au zaidi, mpaka mbao zake zizoeane na mahali papya. Watu wa visiwani, wanaoweka karatasi za wazee wao ndani ya makasha ya mbao nzito na wanaojua upepo wa masika unavyofanya kurasa zishikane, hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya hilo.

Valencia nayo ni mji wa pwani wenye hewa ya unyevu, na tena ulikuwa ndani ya masafa ya ndege za maadui. Msanifu majengo aliyepewa kazi ya kuandaa ghala, José Lino Vaamonde, alichagua Torres de Serranos, lango kuu la ngome ya kale lililojengwa kwa mawe mwishoni mwa karne ya 14. Juu ya vyumba vya chini alijenga dari la zege lenye unene wa sentimita 90. Juu ya orofa iliyofuata akatandaza kumvi za mpunga kwa kina cha mita 1, na udongo ukaongezwa juu zaidi. Nje kidogo ya Valencia, pembezoni mwa ziwa la Albufera, yapo mashamba ya mpunga ya tangu enzi za Waarabu, na kumvi zilikuwa takataka isiyo na bei. Lakini takataka hiyo ni nyepesi, hubonyea na kuinuka, na kishindo kinachoingia ndani yake hupotea. Kwa maneno mengine, Vaamonde aliligeuza jengo zima kuwa kasha: ganda gumu nje, kitu laini katikati, na ndani kabisa picha, pamoja na vipimo vya joto na unyevu vilivyosomwa kila siku. Katika habari yote hii hakuna jambo linalopendeza kuliko kumvi hizi. Wafalme walioagiza picha zile walizitundika juu ya hariri. Kilichozilinda kilikuwa ni kile wanachokitupa wapura mpunga.

Mwaka 1938 vita vilikaribia kuikata Valencia na sehemu ya kaskazini, na serikali ikaondoa picha tena, safari hii kuelekea Katalunya, karibu na mpaka wa Ufaransa. Katika mji mdogo wa Benicarló, kandokando ya bahari, sehemu ya roshani ya nyumba iliangukia kasha lililobeba kazi za Francisco de Goya. Picha iliyoumia zaidi ilikuwa ile ya tarehe 2 Mei, inayoonyesha wananchi wa Madrid wakiwashambulia askari wapandafarasi wa Napoleon mwaka 1808. Kitambaa kilichanika vipande, na baadhi ya vipande vikapotea. Manuel de Arpe aliishughulikia katika ngome ya Peralada, akaunganisha kilichobaki na kukigandisha juu ya kitambaa kipya, huku mizinga ikikaribia.

Waliopinga safari tangu mwanzo wana haki ya kulitaja jina la Benicarló. Jeraha kubwa kuliko yote lilipatikana barabarani, wala si jumbani. Lakini hesabu hiyo ina upungufu. Anayejua leo kwamba jumba la Prado lilisimama hadi mwisho wa vita anajua jambo ambalo hakuna aliyelijua mwezi Novemba 1936, siku nyumba ya Liria ilipokuwa ikiwaka. Kufungasha ni kazi ya mtu asiyejua kitakachotokea. Atakayehukumu kwa kutazama matokeo peke yake atawatendea isivyo haki mafundi wale, na atamtendea isivyo haki Sánchez Cantón pia.

Mwisho ulifika mwezi Februari 1939. Katalunya ilikuwa ikianguka, na picha zilikuwa zimehifadhiwa katika ngome za Peralada na Figueres, na ndani ya mgodi wa ulanga huko La Vajol. Tarehe 3 Februari, mjini Figueres, serikali ya Jamhuri ilitia saini mapatano na kamati ya kimataifa iliyoundwa na majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ikakubali kwamba hazina yote ipelekwe Geneva na kuwekwa chini ya dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Aliyekuwa mtendaji mkuu wa kamati hiyo ni Jacques Jaujard, afisa wa makumbusho ya taifa ya Ufaransa. Malori 71 yalivuka mpaka katika siku chache, ndege zikiwa angani, na makasha 1,868 yakapandishwa treni kwenda Uswisi. Timoteo Pérez Rubio, mchoraji aliyekuwa akiiongoza bodi ya hazina ya sanaa, alifuatana nayo hadi yalipokabidhiwa. Kisha yeye mwenyewe akawa hana nchi, akaishia Brazili pamoja na mkewe, mwandishi Rosa Chacel.

Barabara ile ile, juma lile lile, ilijaa watu. Karibu nusu milioni walivuka kuingia Ufaransa, wengi wao kwa miguu, katika baridi na mvua. Malori yaliyobeba picha yangaliweza kubeba wazee na watoto, na hakuna ufundi wa kufungasha unaolifuta jambo hilo. Walioamua waliamua, na picha zikapita.

Miongoni mwa waliovuka siku za mwisho za Januari alikuwamo mshairi Antonio Machado, mgonjwa, akiwa na mama yake mkongwe na ndugu yake José. Njiani karibu na mpaka walilazimika kuacha mizigo yao, na katika mizigo hiyo mlikuwamo sanduku la mkono lenye karatasi za mshairi. Halikuonekana tena. Machado alifariki katika mji wa Collioure tarehe 22 Februari, na mama yake akamfuata siku tatu baadaye. Katika mfuko wa koti lake José alikuta kipande cha karatasi kilichokunjamana, na ndani yake mshororo mmoja wa shairi ambalo halikuendelea. Kwa msomaji wa ushairi, hesabu ya makasha 1,868 haiwezi kusomwa bila ya sanduku hilo moja kando yake. Karatasi ni kitu bapa kilicho rahisi kuliko vyote kukilinda: vipande viwili vya mbao nyepesi, karatasi safi katikati, kitambaa cha kuzuia maji juu yake, na mtu wa kukibeba. Machado alikosa hicho cha mwisho.

Majira ya joto ya mwaka 1939 jumba la makumbusho la Geneva lilionyesha picha bora za Prado, na karibu watu 400,000 walikwenda kuzitazama. Madrid ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Jenerali Franco, na maonyesho yalimalizika muda mfupi tu kabla ya vita vikuu vya pili kuanza. Picha zikarudishwa mwezi Septemba kwa treni iliyopita Ufaransa usiku, taa zikiwa zimezimwa, katika nchi iliyokuwa imeingia vitani. Tarehe 9 Septemba zilikuwa zimefika Madrid.

Ama Jaujard, alirudi Paris akiwa na elimu ambayo hakuna mwenziwe aliyekuwa nayo. Tarehe 25 Agosti 1939 jumba la Louvre lilifungwa, umma ukaambiwa kwamba ni kwa matengenezo, na mafundi wakaanza kufungasha usiku na mchana. Hapo ilionekana wazi kwamba kila picha hudai sheria yake. Harusi ya Kana ya Paolo Veronese, yenye upana wa karibu mita 10, iliviringishwa juu ya mti mnene wa mwaloni, ikakubali. Jahazi la Medusa, ile picha ya Théodore Géricault ya watu waliovunjikiwa na meli wakielea juu ya chelezo, haikuwezekana kuviringishwa, kwa sababu mchoraji alitumia rangi zenye lami ambazo hazikukauka sawasawa. Ikabidi isafiri ikiwa imewambwa, mita 7 kwa karibu 5, juu ya tela lililozoea kubeba mandhari za jukwaani za Comédie-Française. Ilipopita Versailles usiku ilinasa katika nyaya za umeme wa tramu, na taa za mji zikazimika. Misafara iliyofuata ilitembea na mafundi wa nyaya wenye fito ndefu za kuinulia waya.

Waingereza nao walikutana na Arganda yao. Mwaka 1941 jumba la taifa la picha la London lilikuwa likihamishia hazina yake ndani ya mgodi wa mawe wa Manod, katika milima ya Wales. Picha ya Mfalme Charles wa Kwanza juu ya farasi, kazi ya Anthony van Dyck yenye urefu wa zaidi ya mita 3 na nusu, haikuweza kupita chini ya daraja la reli karibu na Ffestiniog, hata baada ya kuinamishwa ndani ya kasha la umbo la pembetatu. Wao walikuwa na muda ambao Wahispania hawakuwa nao: wakaichimba barabara chini ya daraja, wakaishusha, na lori likapita. Ndani ya mgodi ule, ambamo joto na unyevu vilidhibitiwa visibadilike, picha zilitulia kuliko zilivyopata kutulia London, na wahifadhi wakatambua kwamba adui waliyemkimbia angani hakuwa peke yake. Mwingine alikuwa katika kuta za jumba lao wenyewe, akipanda na kushuka pamoja na majira.

Daraja la Arganda halikukaa na amani. Mwezi Februari 1937, miezi miwili tu baada ya Las Meninas kuvushwa juu ya magogo, vita vya Jarama vilipiganwa hapo hapo, na barabara ya Valencia ikawa chini ya mizinga. Picha ya Goya ilirudishwa ukutani baada ya vita ikiwa na mapengo upande wake wa kushoto, pale vipande vilipopotea. Wakarabati hawakuyachora upya. Waliyafunika kwa rangi moja nyekundu isiyo na umbo, ili yaonekane. Yalikaa hivyo kwa karibu miaka 70. Mwaka 2008, ilipotimia miaka 200 tangu tarehe ile ya Mei, Prado iliisafisha picha na kuyajaza mapengo kwa kufuata picha za kamera zilizopigwa kabla ya vita, na sasa mtu anayesimama mbele yake haoni tena mahali roshani ilipoangukia.